Lamu ukitaka kutembea, tazama mwezi kwanza

Watu wananiuliza sana, hayo matembezi yenu ya kila mwezi ni Jumamosi gani, ya kwanza ama ya mwisho, na mimi jibu langu ni lile lile, inategemea maji. Wengine wanadhani nawazungusha. Lakini wallahi hapo ndipo penye kazi yote ya kutembea kisiwani, na leo nataka nieleze vizuri, manake mimi kazi yangu ni kutembeza wageni hapa Lamu, mwaka wa kumi na nne huu, na pembeni ya kazi tuna kundi letu la marafiki tunatoka pamoja mara moja kwa mwezi. Kuna nesi, walimu wawili, fundi wa mashua, mama mmoja wa Langoni anayepika mahamri na wengine wanakuja na kupotea. Hatulipani, hakuna kiingilio, tunatembea tu mahali petu wenyewe, kwa sababu wengi wetu tumezaliwa hapa na kuna vichochoro hatujawahi kuvipita.

Mwanzo tulipanga kwa kalenda, Jumamosi ya mwisho wa mwezi basi imetosha. Mwezi wa tatu tangu tuanze tukaenda Takwa, ule mji wa magofu kisiwani Manda. Kule mashua inaingia kwa mkono wa bahari katikati ya mikoko, na mkono wenyewe una maji ya kutosha pale tu bahari imejaa. Tulifika saa mbili asubuhi maji yako juu kabisa, mizizi ya mikoko haionekani. Tukatembea, tukaona ule msikiti mkubwa wenye mnara juu ya kibla, tukaona nyumba ambazo milango yake mingi imeelekea kaskazini, upande wa Makka, tukaenda kwenye kaburi la mnara lililoandikwa mwaka 1094 Hijria, yaani karibu 1683, na hilo ni kaburi ambalo watu wa Shela mpaka leo huenda kuomba dua ya mvua kwa sababu wazee wao wanasema walitoka huko Takwa. Nahodha alikua ametuambia saa nne tuwe tumeshapanda. Mimi ndio niliyemwambia, ami, nipe dakika kumi tu. Dakika kumi zikawa saa nzima na zaidi, tulipopanda mashua haikwenda hata mita mia moja, ikakaa kwenye tope. Pale pale. Akanitazama tu akasema, "Mwanangu, maji hayaambiwi ngoja."

Tulikaa kwenye lile tope hadi saa kumi na moja jioni. Usubi, jua, maji ya kunywa yamekwisha, mwalimu mmoja ana mtoto mdogo nyumbani na simu haishiki. Kosa lilikua langu na niliomba radhi kwa kila mmoja. Tangu siku hiyo kalenda ya ukutani nimeiweka pembeni.

Sasa sikiliza yanavyokwenda. Kila mtu pwani anajua ule msemo maji yakijaa hupwa, lakini yanajaa saa ngapi na yanapwa saa ngapi, hapo wengi wetu wa mjini tumesahau, tumewaachia wavuvi. Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, kila safari ni kama masaa sita na kitu, na kila siku saa zinasogea mbele kwa dakika 50 hivi. Kwa hivyo leo yakipwa saa nne asubuhi, kesho ni karibu saa tano, na baada ya wiki moja saa ile ile ya nne utakuta yamejaa. Mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu tunapata bamvu, maji yanapanda sana na yanashuka sana, na katikati yake mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Huku kwetu siku za bamvu yanafika chini kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi, na hii haibadiliki mwaka mzima. Yaani ukijua tarehe ya Kiislamu umeshajua nusu ya mambo: tarehe mosi, mbili, tatu, halafu kumi na tano, kumi na sita, kumi na saba, hizo ni asubuhi za kutembea ufuoni.

Na kuna jambo moja ambalo wageni (na wenyeji pia) linawaponza. Maji hayaji kwa mwendo mmoja. Saa ya kwanza baada ya kupwa yanatambaa, unaona bado mchanga ni mpana unasema tuna muda, saa ya pili yanaongeza, alafu saa ya tatu na ya nne yanakuja mbio, katika hayo masaa mawili pekee yake inaingia karibu nusu ya maji yote. Kwa hivyo mimi sheria yangu ni hii, yakishapinduka tu na sisi tunageuka, hata kama kuna mtu anataka picha moja zaidi.

Kutoka Lamu mjini kwenda Shela ni kama kilomita tatu kwa njia ya pwani. Maji yakiwa chini unakwenda raha mustarehe kwenye mchanga mgumu uliolowa, dakika arobaini umefika, na hata mama yetu wa mahamri mwenye magoti mabovu anakwenda bila taabu. Siku ya bamvu maji yakiwa juu yanapiga mpaka ukutani, sehemu zingine utaingia mpaka magotini na chini kuna mawe yenye ukoga, hapo afadhali upite njia ya ndani. Ukivuka Shela unakutana na ufuo mrefu na vilima vya mchanga nyuma yake, na hapo huwa nawasimamisha wote, nawaambia huu mchanga ndio birika letu. Mvua ikinyesha inazama ndani ya vile vilima, maji matamu yanakaa juu ya maji ya chumvi kwa sababu ni mepesi, na visima vya mji vinakula hapo. Ndio maana nikiona mtu anachota mchanga wa vilima kwenda kujenga moyo unaniuma kweli.

Hapo hapo Shela ndipo palipopiganwa vita, mnamo 1812, watu wa Pate wakisaidiwa na Mazrui wa Mombasa walipokuja kuichukua Lamu. Inavyosimuliwa, walipozidiwa wakakimbilia vyombo vyao, wakakuta maji yameshapwa, vyombo vimelala juu ya mchanga. Nilikua nimeisikia hii hadithi tangu utotoni, lakini baada ya siku ile ya tope la Takwa ndio niliielewa.

Mwezi ambao Jumamosi zetu zimeangukia maji mabaya hatuachi, tunatembea mitaani. Mkomani ni mtaa wa nyumba za mawe, matumbawe na chokaa, vichochoro vyembamba hata punda wawili wenye mizigo ni lazima mmoja arudi nyuma. Mwezi uliopita tulisimama chini ya wikio, kile chumba kinachovuka juu ya njia kuunganisha nyumba mbili, nikawaambia inueni macho muhesabu boriti. Boriti za mikoko zimepangwa moja moja, nyeusi kwa miaka mingi ya moshi na chumvi, na hakuna hata moja ndefu, manake mti wa mkoko ulionyooka hautoi urefu wa kutosha. Ndio sababu vyumba vya nyumba zetu za zamani ni virefu lakini vyembamba, upana wa chumba ni urefu wa mti. Nesi wetu amelala kwenye chumba kama hicho tangu azaliwe, akaguswa sana, akabaki amesimama anaipapasa ile dari ya chini kwa kiganja.

Halafu tukateremka mpaka Ngome, ilimalizika 1821, na nikawauliza mbona mteremko unaisha hapa. Kutoka juu Mkomani unashuka, unashuka, ukifika Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, na Ngome ghafla ni tambarare mpaka baharini. Ni kwa sababu zamani bahari ilifika hapo, Ngome ilikua ukingoni mwa maji, na hii ardhi ya mbele imejazwa baadaye. Yaani hata ukiwa sokoni unanunua nyanya uko juu ya bahari ya zamani.

Matondoni nayo tunakwenda mara moja moja, mwendo wa masaa mawili hivi kwa njia ya ndani, minazi na maembe, mchanga mzito unachosha miguu. Kule jahazi bado zinaundwa kwa mkono, fundi wetu ana jamaa zake, tunakaribishwa chai. Vaa raba, ndara hazifai.

Msimu wa kusi ukitembea ufuo wa Shela anza kwa kuukabili upepo, ili wakati wa kurudi umechoka ukusukume mgongoni.

Safari ijayo ni asubuhi ya tarehe kumi na sita ya mwezi wa Kiislamu, sio Jumamosi, wenye kazi ombeni ruhusa mapema. Tunakutana Mkunguni, uwanja wa mbele ya Ngome, saa moja kamili, maji yanafika chini saa nne na nusu hivi, saa nne na nusu hiyo hiyo tunageuka. Mahamri yapo, chai ya tangawizi kwenye chupa ipo, kila mtu na maji yake ya kunywa, na ami nahodha amesema safari hii anakuja kwa miguu.