Kitunguu Kikiiva Hakiachi Kuwa Sumu: Maswali na Majibu Kuhusu Kumpikia Mbwa Kuku wa Kifaransa

Swali: Nimesikia kuwa mchuzi wa kuku na mboga wa Kifaransa ni chakula chepesi. Je, unamfaa mbwa?

Jibu: Chakula hicho huitwa poule au pot, yaani kuku wa chunguni, na Wafaransa hukihusisha na mfalme wao Henri IV, anayesemekana kutamani kila mkulima awe na kuku chunguni siku ya Jumapili. Kuku huchemshwa taratibu pamoja na karoti, tanipu, selari, liki na kitunguu kilichochomekwa karafuu. Nyama na karoti zinamfaa mbwa, lakini liki na kitunguu ni sumu kwake.

Swali: Ni sumu kwa namna gani?

Jibu: Kitunguu maji, kitunguu saumu, liki na majani ya kitunguu ni mimea ya ukoo mmoja, na yote ina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa. Chembe hizo hupasuka kabla ya wakati wake, na mbwa hupungukiwa damu.

Swali: Lakini vimechemshwa saa tatu hadi vikayeyuka. Sumu si imekwisha?

Jibu: Haijaisha. Wafugaji wanaotuletea sisi madaktari wa mifugo mbwa waliolegea hujitetea kwa maneno hayo hayo, kwamba kitunguu kilikuwa kimeiva kabisa, kana kwamba kosa lingekuwa kumpa kibichi. Moto huondoa ukali wa kitunguu puani na ulimini mwako, lakini hauiondoi sumu yake kwa mbwa. Kibichi, kilichokaangwa, kilichochemshwa, kilichokaushwa au kilichosagwa kuwa unga, vyote ni sumu.

Swali: Nikiviopoa kabla ya kumpakulia?

Jibu: Hapana. Kilichokupa mchuzi mtamu ni utomvu wa vitunguu uliokwisha kuingia ndani yake, na sumu imeingia pamoja nao. Ukiopoa maganda umeopoa maganda tu.

Swali: Na kikiwa kidogo?

Jibu: Mbwa anayekula kitunguu kinachozidi nusu asilimia ya uzito wake kwa mara moja yumo hatarini. Kwa mbwa wa kilo 10, hizo ni gramu 50, takriban nusu ya kitunguu cha wastani. Kidogo cha kila siku nacho hudhuru, kwa kuwa chembe huendelea kuharibika kabla ya mwili kuzifidia. Vidonge vya kukoleza mchuzi visitumike kabisa, maana vingi vina unga wa kitunguu na chumvi nyingi.

Swali: Basi nimpikie vipi?

Jibu: Tumia sufuria yake, au mgawie sehemu yake kabla kitunguu hakijaingia chunguni. Chemsha mnofu wa kuku usio na ngozi wala mifupa kwa maji matupu, ongeza karoti, boga na njegere, uache upoe. Mfupa wa kuku uliopikwa hukatika vipande vyenye ncha vinavyoweza kutoboa utumbo. Divai isiwekwe, na siagi na ngozi zenye mafuta mengi huweza kuleta uvimbe wa kongosho.

Swali: Naweza kumlisha huo tu kila siku?

Jibu: Usifanye hivyo bila mpango wa daktari wa mifugo. Mnofu mtupu una kalisi kidogo mno, na watoto wa mbwa ndio wanaoumia mifupa kwanza. Mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Davis, walichunguza mapishi 200 ya mbwa ya nyumbani na kukuta kuwa 190 yalipungukiwa na angalau kirutubisho kimoja cha lazima.

Swali: Mbwa wangu alikula mchuzi wenye vitunguu jana, na leo anacheza vizuri. Nisubiri nione?

Jibu: Usisubiri. Dalili nyingi huchukua siku kadhaa kujitokeza, kwa hiyo mchezo wake wa leo hauthibitishi lolote. Ufizi ukishakuwa mweupe, mkojo ukishakuwa wa rangi ya kahawia au nyekundu, na mbwa akihema huku akiwa amelala tu, tunaanza kutafuta damu ya kumwongezea, na damu ya mbwa haipatikani kirahisi. Katika saa moja au mbili za mwanzo daktari anaweza kumtapisha, lakini nafasi hiyo hupita wakati mwenye mbwa yumo katika kusubiri aone.

Swali: Nimnyweshe maziwa kwanza?

Jibu: Hapana, wala mafuta, wala maji ya chumvi. Maziwa hayaondoi sumu ya kitunguu, mafuta huweza kuingia mapafuni, na chumvi nyingi ni sumu nyingine. Piga simu ukiwa njiani, utaje uzito wa mbwa, saa aliyokula na kiasi cha vitunguu kilichokuwemo. Na hiyo sufuria usiioshe kwanza, njoo nayo.