Kaburi la kale halipakwi saruji

Kila unapokaribia mwezi wa Ramadhani, watu wa Unguja na Pemba hutoka kwa makundi kusafisha makaburi ya wazee wao. Ni jambo jema, na ofisi yetu ya mambo ya kale hailipingi hata kidogo. Lakini malalamiko yanayotufikia yamezidi: mashahidi ya kale, yale mawe yanayosimamishwa makaburini, yamepakwa rangi ya mafuta, kuta za makaburi zimezibwa kwa saruji, na pembeni mwa magofu yamekutwa mashimo yaliyochimbwa usiku.

Nianze na saruji, maana hiyo ndiyo inayotuumiza zaidi. Makaburi yetu ya kale yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Chokaa hupumua: unyevu unaoingia ukutani wakati wa masika hutoka wenyewe jua linapowaka. Saruji inaufungia ndani pamoja na chumvi ya bahari, na chumvi ile ikikauka inavimba na kulimega jiwe. Baada ya misimu michache, ganda la saruji hubanduka. Ligeuze ulitazame nyuma: utaliona limeng'oka na lipu ya zamani, pengine na ukingo wa nakshi iliyochongwa kwa mkono. Hapo hata fundi hodari hana la kurudisha. Aliyepaka alikuwa na nia njema, hilo tunalijua.

La pili ni maneno ya wanaoyaita makaburi yetu ya kale “makaburi ya Wareno”. Tumelisema mara nyingi na hatuchoki kulirudia. Ras Mkumbuu, magharibi ya Chake Chake, pana msikiti na makaburi ya mnara ya karne ya 14. Wareno wamefika pwani hii mwishoni mwa karne ya 15. Vipi wazikwe kabla hawajaja? Na Mreno gani huyo aliyejenga msikiti wenye mihirabu inayoelekea kibla? Waliolala pale ni Waislamu, watu wa mwambao huu huu. Vivyo hivyo kaburi la Haruni kule Chwaka, karibu na Tumbe, ambalo wenyeji hulinasibisha na mtoto wa Mkama Ndume, mtawala wa Pujini. Tunalishikilia hili kwa sababu anayeamini kaburi ni la mgeni haoni tabu kulichimba.

Na wanachimba nini? Dhahabu, wanasema. Waislamu hawazikwi na mali, jambo ambalo kila aliyepita chuoni analijua. Kilichokuwapo ni mabakuli ya Kichina yaliyopachikwa kwenye lipu kuwa pambo. Mengi yameshang'olewa, na mahali pake pamebaki vishimo vya duara. Ukitia kidole pembezoni mwa kishimo kama hicho, utahisi alama ya kikalio cha bakuli kwenye chokaa.

Makaburi ya Chapwani nayo tunaambiwa “hayatuhusu”. Yanatuhusu. Mabaharia wa HMS Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyopigwa na manowari ya Kijerumani Königsberg mbele ya mji tarehe 20 Septemba 1914, wamezikwa kisiwani pale, na vita ile ilipiganwa bandarini mwetu.

Sasa utaratibu. Ukitaka kukarabati kaburi la kale, hata kama ni la babu yako mzaa babu, usianze na fundi, anza na sheha. Mpelekee barua inayotaja mahali lilipo, hali yake, kazi unayokusudia na vifaa utakavyotumia. Ambatisha picha za pande zote nne zilizopigwa kabla ya kazi, siyo baada. Barua ikifika kwetu, mtaalamu atakwenda kutazama, na ruhusa hutolewa kwa maandishi. Ya mdomo haitambuliki. Kama kaburi limo ndani ya Mji Mkongwe, Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji nayo ina kauli yake. Kuchimba, kuvunja au kuhamisha kitu cha kale kinacholindwa bila ya ruhusa ni kosa kisheria, na kusema “sikujua” hakumtoi mtu hatiani. Kufyeka majani kwa panga hakuhitaji barua. Mizizi iliyoingia ukutani usiing'oe, ikate juu tu.

Wengine hutuuliza kwa nini basi tusiyajengee yote mapaa na kuta mpya. Nendeni Makusurani, pembeni ya Makumbusho ya Kasri. Sultani Seyyid Said alifariki baharini Oktoba 1856 akirudi kutoka Omani, na mwanawe Majid akaanza kumjengea kaburi kubwa. Wanavyuoni wa Kiibadhi, madhehebu ya Sultani mwenyewe, hawakuridhia kaburi kujengewa, kazi ikasita. Mpaka leo limebaki vile vile, na sisi hatulimalizii, kwa sababu kule kutokwisha ndiyo historia yake.

Mwenye bakuli au kipande cha nakshi nyumbani, awe amekirithi au amekiokota, akilete. Asikioshe. Chokaa iliyoganda nyuma yake ndiyo inayotuonyesha kimetoka kaburi gani.