Virusi vinapolala sambamba, mwanga husema

Kirusi cha batobato ya tumbaku ni kijiti kigumu chenye urefu wa nanomita 300 na unene wa 18 tu. Huambukiza mimea, si watu. Vikiwa vichache majini, kila kijiti huelea na kuelekea kinakotaka. Vikizidi kiwango fulani, mmumunyo hujitenga tabaka mbili ndani ya chupa: juu vijiti vimetapakaa ovyo, chini vimesongamana na kulala sambamba, ingawa bado vinatiririka. Hiyo ndiyo fuwele kimiminika. Wanasayansi Bawden, Pirie, Bernal na Fankuchen waliielezea mwaka 1936.

Wengi hudhani lazima kuwe na kitu kinachovivuta virusi pamoja. Hakihitajiki. Mwaka 1949 mkemia Lars Onsager alionyesha kwamba msongamano peke yake unatosha: kijiti kinachokubali kulala kama wenzake hupoteza uhuru wa kugeuka, lakini hupata nafasi zaidi ya kusogea.

Tunauonaje mpangilio huo? Weka tone kati ya vioo viwili vyembamba, chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya mwanga vilivyopishana kwa pembe mraba; kila kimoja hupitisha tu mwanga unaotetemeka katika mwelekeo wake. Kichujio cha pili huzuia mwanga wote uliopita cha kwanza, kwa hiyo maji matupu huonekana meusi. Vijiti vilivyojipanga huugeuza mwanga huo, nao ukapenya. Katika giza hilo huibuka matone madogo yaliyochongoka ncha mbili, yaking'aa. Kila moja ni kundi la virusi vilivyoelekea upande mmoja.

Ila usiliamini giza haraka. Vijiti vikilala sawasawa na mwelekeo wa kichujio kimojawapo, navyo huonekana vyeusi. Zungusha kioo taratibu: penye mpangilio patang'aa na kufifia mara nne katika mzunguko mmoja, pasipo na mpangilio patabaki peusi. Wanafunzi wengi hulisahau hili, kisha huandika kwamba sampuli haina kitu.

Kirusi cha fd, kinachoshambulia bakteria, ni kirefu zaidi, takriban nanomita 880. Kikisongamana sana hujipanga safu juu ya safu, na kwa kuwa kila safu inakaribia mikromita moja (nanomita 1000), mistari yake huonekana kwa hadubini ya mwanga. Ukivitia virusi vichache rangi inayong'aa, utakiona kimoja kikitulia katika safu yake, kisha ghafla kikiruka hadi safu ya jirani.