Akodiani Haileti Louisiana: Kuhusu Wapigaji Walio Nyuma ya Mwimbaji

Juma lililopita mwenye ukumbi mmoja hapa Houston alinipigia simu akitaka bendi yetu ipige bluzi, muziki wa watu weusi wa Marekani, yenye ladha ya jimbo la Louisiana, na kabla sijamjibu akaongeza kwamba nisisahau kuja na mtu wa akodiani, kile kinanda cha kuvutwa na kubanwa kwa mikono, na mwingine wa bati la kifuani linalokwaruzwa, kwa kuwa bila hivyo viwili wateja wake hawatatambua kuwa ni Louisiana. Ombi hilo nimelisikia mara nyingi mno: kwa wenye kumbi, kwa vijana ninaowafundisha drams, na hata kwa Watanzania wenzangu wanaokuja kutusikiliza siku za Ijumaa. Safari hii nimeamua kulijibu kwa maandishi, kwa sababu ni kosa linalowafuta watu walioutengeneza muziki huu kwa mikono yao.

Akodiani ina kwao, na kwao ni kusini-magharibi mwa Louisiana, katika miji kama Opelousas na Lafayette, miongoni mwa Wakrioli weusi waliozungumza Kifaransa. Muziki wake unaitwa zaideko. Clifton Chenier, aliyezaliwa Opelousas mwaka 1925, ndiye aliyeufikisha mbali kuliko wote, huku kaka yake Cleveland akiwa amevaa bati lenye matuta mfano wa fulana na kulikwaruza kwa vifungua chupa. Bati hilo la kuvaa halikutoka katika zama za kale kama watu wanavyodhani; lilibuniwa mwaka 1946 kwenye mji wa viwanda vya mafuta wa Port Arthur, Texas, pale Clifton alipomweleza fundi wa chuma Willie Landry umbo alilolitaka. Nakiri kwamba mpaka kati ya zaideko na bluzi hauko wazi kama ambavyo ningependa uwe, maana Chenier aliimba bluzi tupu kwa Kifaransa, tena bluzi nzito. Hata hivyo, jaribu kuisikiliza bendi yake huku ukizifuatilia drams za Robert St. Julien peke yake, nawe utaona ni nani aliyekuwa akiwainua watu vitini.

Sasa twende New Orleans, mji mkubwa wa Louisiana, maana huko ndiko hoja ya akodiani inakofia. Mwaka 1945 Cosimo Matassa alianzisha studio ndogo nyuma ya duka la vifaa vya umeme na rekodi, kwenye kona ya mitaa ya Rampart na Dumaine, na studio hiyo ya J&M ikawa mahali ambapo sauti ya mji huo iliandikwa kwenye sahani za santuri. Fats Domino alirekodi hapo kwa mara ya kwanza mwezi Desemba 1949. Lloyd Price alirekodi hapo mwaka 1952, na Little Richard mwaka 1955. Waimbaji walikuja na kuondoka, lakini ukiangalia nyuma yao unawakuta watu wale wale: Dave Bartholomew akiongoza bendi na kupiga tarumbeta, Lee Allen na Alvin “Red” Tyler kwenye saksafoni, Frank Fields kwenye besi, Ernest McLean au Justin Adams kwenye gitaa, na Earl Palmer kwenye drams. Akodiani haikuwa na kiti katika bendi hiyo. Wote walipiga kwa pamoja ndani ya chumba kimoja, na mmoja akikosea, wanarudia wote tangu mwanzo.

Ladha inayotafutwa na yule mwenye ukumbi imo kwenye mikono na miguu ya Palmer, na hapa naomba msomaji anivumilie, kwa sababu hili ndilo jambo linalorukwa kila siku.

Kila anayejifunza drams huambiwa kwamba pigo moja hugawanywa ama mara mbili sawasawa, ama mara tatu. Na ukigawa mara tatu kisha ukaliacha la katikati kimya, unapata ule mwendo wa kudunda ambao wapigaji wanauita shafuli. Kwa hesabu, mgawanyo wa kwanza ni 1:1 na wa pili ni 2:1. Vitabu vingi vinaishia hapo, na wanafunzi wangu nao wanataka waishie hapo. Mpigaji wa New Orleans hakai kwenye 1:1 wala kwenye 2:1, bali anakaa mahali fulani baina yake, na si hivyo tu, mara nyingi watu wawili wa bendi moja wanakaa mahali tofauti kwa wakati mmoja: piano inagonga mapigo manane yaliyonyooka katika kila kipimo, yaani kila kifungu cha mapigo makuu manne, huku drams zikiwa bado zimeegemea kwenye shafuli. Msikilizaji husikia mvutano huo bila kujua chanzo chake, akasema muziki una ladha. Palmer mwenyewe alieleza kwamba ule mtindo ambao baadaye uliitwa mapigo ya roki ulimjia kwa sababu alikuwa akijaribu kuufuata mkono wa kulia wa Little Richard, uliokuwa ukigonga piano bila kudunda hata kidogo, wakati yeye alikuwa mtu wa shafuli.

Asili ya kukaa huko katikati ni bendi za matarumbeta za mitaani, ambazo hadi leo husindikiza mazishi na maandamano ya mji ule. Bendi na wafiwa hutangulia, kisha umati hufuata nyuma ukicheza, na umati huo ndio unaoitwa mstari wa pili. Katika bendi hizo ngoma kubwa hupigwa na mtu mmoja, ambaye hubeba na toazi juu yake, na ngoma ndogo ya snea hupigwa na mtu mwingine. Wawili hao hawagawani pigo kwa namna moja, kwa sababu ni watu wawili wanaotembea barabarani na kujibizana. Mpiga drams aliyekaa kwenye kiti hulazimika kuwa watu hao wawili ndani ya mwili mmoja: mguu wake wa kulia ni yule wa ngoma kubwa, na mikono yake ni yule wa snea. Na yule wa ngoma kubwa ana desturi ya kulikazia pigo la nne, mwishoni mwa kipimo cha pili, kwa namna ambayo mtu asiyezoea hujikwaa, kwa kuwa masikio yake yalikuwa yakingoja uzito huo kwenye pigo la kwanza linalofuata. Kijana anayekuja kwangu akiwa amejifunza kwenye video za intaneti hupiga pigo hilo kwa usahihi wa saa ya ukutani, na linakufa. Nikimwambia alicheleweshe kidogo, analichelewesha kila mara kwa kiasi kile kile, na linakufa tena.

Hapa nina shaka ambayo nadhani ni haki niitaje. Mwendo wa shafuli hunyooka kadiri wimbo unavyokwenda kasi, kwa hiyo hakuna namba moja ninayoweza kumwandikia mwanafunzi ubaoni akaitunza. Nimefundisha kwa namba, nimefundisha kwa kupiga makofi, nimefundisha kwa kuwatembeza wanafunzi uani huku wakihesabu kwa sauti, na kutembea ndiko kulikosaidia zaidi. Sina hakika kama ninachowapa ni maarifa au ni mazoea tu.

Lipo na suala la rumba. Bartholomew alisimulia kwamba mstari wa besi alioutumia katika rekodi zake aliusikia kwanza kwenye santuri ya rumba. Akawapa saksafoni waupige, kisha akaipa besi, gitaa na saksafoni nzito waupige kwa pamoja, noti kwa noti. Kuunganisha vyombo vitatu kwenye mstari mmoja ndiko kulikozipa rekodi zile unene wake, wala si mitambo, kwa sababu mitambo ya Matassa ilikuwa michache. Henry Roeland Byrd, aliyejulikana kama Professor Longhair, alifanya jambo la jamaa hiyo hiyo kwenye piano: mkono wa kushoto ukitembea na rumba, mkono wa kulia ukilia bluzi juu yake. Aliporekodi “Tipitina” mwaka 1953, aliyekuwa kwenye drams ni Palmer huyo huyo.

Sisi tuliokulia kwenye muziki wa dansi tunaisikia rumba hiyo mara moja, na ndiyo maana wenzangu hukimbilia kusema kwamba imetoka Kongo moja kwa moja hadi New Orleans. Naelewa fahari hiyo, lakini njia ilikuwa na vituo. Meli zilizokwenda na kurudi kati ya Havana na New Orleans zilibeba watu na muziki kwa miaka mingi, na mgawanyo wa tatu, tatu, mbili unaosikika kwenye mkono wa kushoto wa Longhair ni ule ule uliorudi Afrika kwa santuri za Kikuba za mfululizo wa GV, zilizouzwa Kongo na Afrika Mashariki kuanzia miaka ya 1930. Kwa hiyo Longhair na wapiga dansi wa Dar es Salaam ni ndugu kwa upande wa Kuba. Kweli, watumwa waliruhusiwa kukutana Jumapili na kupiga ngoma zao pale Congo Square, uwanja wa New Orleans, na mimi siwezi kusimama pale bila kutikisika. Hata hivyo, mikutano hiyo ilikoma katika karne ya 19, na kuchora mstari ulionyooka kutoka pale hadi kwenye mguu wa Palmer ni kuvirukia vizazi kadhaa vya wapigaji ambao nao walifanya kazi yao.

Ukitoka Houston kwa barabara kuu ya 10 kuelekea mashariki, zaidi ya saa mbili kabla ya New Orleans unapita Crowley, mji wa mashamba ya mpunga. Huko J. D. Miller alikuwa na studio, na kuanzia katikati ya miaka ya 1950 rekodi zake zilitolewa na kampuni ya Excello ya Nashville. Bluzi ya huko, inayoitwa bluzi ya kinamasi, ni tofauti kabisa na ya New Orleans: ni ya polepole, ina mwangwi, na ina nafasi tupu nyingi. Rekodi za kwanza za Lightnin' Slim za mwaka 1954 zina gitaa, harmonika (kinanda kidogo cha mdomo) na drams tu, bila besi. Wapigaji wa Crowley walijua kunyamaza. Lazy Lester, anayekumbukwa kwa harmonika yake, alitumiwa pia kupiga chochote kilichotoa sauti iliyotakiwa: magazeti, boksi la karatasi, vipande vya mbao. Sauti ya gazeti linalopigwa haina mlio mrefu kama wa snea. Inatokea na kutoweka, ikaacha nafasi kwa sauti ya mwimbaji. Nimejaribu badala ya gazeti kutumia brashi, vitambaa juu ya ngoma na hata programu ya kompyuta, kisha nikarudi kwenye gazeti.

Katika wimbo “Baby Scratch My Back” wa Slim Harpo, ulioshika nafasi ya kwanza kwenye chati ya muziki wa weusi wa Marekani mwaka 1966, watu wanamtaja Harpo, na Harpo anastahili. Lakini ile sauti ya gitaa inayokwaruza kama kuku anayechakura ni ya James Johnson, na uondoe gitaa hilo uone kinachobaki. Kwenye piano za Crowley alikaa mara nyingi Katie Webster, mwanamke wa Houston, na kwenye drams Warren Storm, Mzungu kijana wa Abbeville, katika jimbo ambalo sheria zake zilikuwa zikiwatenganisha watu kwa rangi zao. Ningependa kuishia kwenye picha hiyo nzuri, ila Miller huyo huyo katika miaka ya 1960 alitoa pia rekodi za kibaguzi za kuwatukana watu weusi, na kwenye nyimbo za wasanii wake weusi aliliweka jina la bandia la Jerry West kama mtunzi mwenza. Wanaoipenda bluzi ya Crowley, mimi nikiwamo, wanabeba yote hayo pamoja.

Limebaki neno “kipaji”, ambalo hutumiwa kuwasifu watu hawa na kuwapuuza kwa wakati mmoja, kana kwamba walizaliwa na muziki mwilini wala hawakuufanyia kazi. Palmer alianza kucheza dansi ya viatu jukwaani akiwa mtoto mdogo, na aliporudi kutoka jeshini alitumia fedha za masomo za maaskari wa zamani kusoma piano na midundo katika shule ya muziki ya Grunewald. Alisoma noti. Alipohamia Los Angeles mwaka 1957 aliweza kukaa na okestra za filamu kwa sababu hiyo. Wapigaji hao walilipwa kwa kila kikao cha kurekodi, wimbo ukivuma au usivume, na lebo ya santuri haikuwa na majina yao. Jumba la heshima la roki lilipoanza kuwaingiza wapigaji wa nyuma mwaka 2000, Palmer alikuwa katika kundi la kwanza, zaidi ya miaka 50 baada ya kikao kile cha Fats Domino.

Mwenye ukumbi nimemjibu kwamba tutakuja watano: piano, saksafoni, gitaa, besi na mimi, na kwamba kwa nyimbo mbili za Crowley nitaweka gazeti la Jumapili juu ya snea. Amekubali, ingawa kwa shingo upande. Mpiga besi wetu bado analikimbilia pigo la nne, na leo jioni tutalirudia hilo peke yake, besi na mguu wangu tu, mpaka azoee kulingoja.