Sufuria nyekundu za Llanelli

Aliyeingia uwanja wa Stradey Park enzi zake aliona kitu kisichotajwa katika sheria yoyote ya raga. Juu kabisa, kwenye ncha za milingoti ya goli, zilichomekwa sufuria ndogo zilizopakwa rangi nyekundu. Nimefundisha raga na kufuatilia historia ya klabu zake kwa miaka mingi, na nikitaka kumweleza mtu klabu ya mtaani ni nini huko Wales, huwa naanza na sufuria hizo.

Klabu yenyewe ni Llanelli. Hiyo Ll ya mwanzo sisi hatunayo. Weka ulimi kama unayetaka kusema "la", kisha usitoe sauti, pulizia tu hewa pembeni mwa ulimi. Mji uko pwani ya kusini-magharibi ya Wales, na kwa vizazi vingi Kiwelisi kilikuwa lugha ya nyumbani, ya kanisani na ya uwanjani pia. Riziki yao ilikuwa bati. Viwanda vyao vilichukua mabamba membamba ya chuma, vikayachovya kwenye bati lililoyeyushwa ili yasishike kutu, na mabamba hayo yakaenda kuwa makopo ya vyakula, mikebe na vyombo vya jikoni duniani kote. Mji ukabandikwa jina la Tinopolis, Mji wa Bati.

Ndiyo maana wimbo wa mashabiki wao ni Sosban Fach, yaani "sufuria ndogo". Hauna hata neno moja la kutisha adui. Ni vurugu za nyumba ya kawaida: sufuria inachemka motoni, mtoto analia, paka amemparura Joni mdogo. Mgeni husikia maelfu ya wanaume wakiimba mambo ya jikoni kwa sauti nne na kushangaa. Mimi sishangai. Wanaimba kazi ya baba zao.

Klabu huhesabu kuzaliwa kwake kuanzia 1872. Mwaka 1908 iliifunga Australia 8-3, na ushindi huo ukaingizwa kwenye wimbo ili usisahaulike. Miaka mingi ya katikati naipita haraka, maana nataka tukae kidogo mwaka 1972, msimu ambao klabu ilikuwa inatimiza miaka 100, na All Blacks, timu ya taifa ya New Zealand, wakaja Stradey siku ya Jumanne, tarehe 31 Oktoba.

Wengi huiita mechi hiyo muujiza. Nakataa kabisa. Kocha alikuwa Carwyn James, mtoto wa mchimba makaa wa kijiji cha Cefneithin, mwalimu na mpenzi wa fasihi ya Kiwelisi, mtu mpole aliyependa kuwauliza wachezaji maswali kuliko kuwafokea. Mwaka mmoja tu nyuma aliipeleka New Zealand timu ya Lions, inayokusanya wachezaji wa Uingereza, Scotland, Wales na Ireland. Katika mechi nne dhidi ya All Blacks walishinda mbili, wakapoteza moja, wakatoka sare moja. Hadi leo hakuna Lions wengine walioshinda mfululizo mzima wa mechi hizo katika ardhi ile. Na ile mechi ya kwanza waliyoshinda, kule Dunedin, iliisha 9-3. Kwa hiyo aliyekuwa anawangoja All Blacks pale Stradey alijua wanavyocheza wakiwa na raha, na alijua zaidi wanavyocheza wakibanwa.

Nahodha, Delme Thomas, alikuwa fundi wa nyaya za umeme, mtu wa kupanda nguzo. Raga haikuwa ya kulipwa wakati huo; malipo yaliruhusiwa 1995. Alikuwa amesafiri na Lions mara tatu. Kabla ya kutoka chumbani aliwaambia wenzake kwamba yote aliyoyapata kwenye raga angeyaachia ili kushinda siku hiyo tu. Wapo waliotoka mle wakiwa na machozi.

Sasa trai yenyewe, yaani bao la kugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa goli la wapinzani. Mapema kipindi cha kwanza Llanelli wanapata penalti, na Phil Bennett, namba kumi wao, anapiga. Mpira unagonga mtambaa panya na kurudi uwanjani. Hapa sheria ina kitu ambacho hata wachezaji wazoefu hukisahau: mpira ukirudi namna hiyo haujafa, mchezo unaendelea. Lin Colling, namba tisa wa New Zealand, anaudaka na kutaka kuupiga mbali na hatari. Roy Bergiers wa Llanelli hakusimama kuangalia kama penalti imeingia. Alikuwa ameshaanza kukimbia tangu mpira uko hewani, akauzuia mkwaju wa Colling kwa mwili wake na kuuangukia mpira nyuma ya mstari.

Huwa nawasimamishia vijana video hapo hapo. Hakuna ufundi wa ajabu wa mikono wala mbio za kupita watu watano. Kuna mtu mmoja aliyeamini mpira unaweza kurudi. Wanaposema bahati, nawauliza mbona bahati hiyo haikumpata mtu aliyesimama.

Trai ilikuwa na pointi nne wakati huo (leo ni tano), Bennett akaongeza mbili kwa mkwaju unaopigwa baada ya trai, ikawa 6-0. Joe Karam akawarudishia wageni tatu kwa penalti. Kipindi cha pili kilikuwa cha kukaba tu: Bergiers na kijana wa miaka 21, Ray Gravell, wakiwaangusha wageni katikati ya uwanja kila walipojaribu kupenya. Karibu na mwisho Andy Hill akapiga penalti ya mbali sana, ikapita. 9-3. Mashabiki waliingia uwanjani na kumbeba Delme Thomas mabegani, na jioni ile baa za mji ziliishiwa bia.

Llanelli walishinda kombe la Wales mara nne mfululizo, 1973 hadi 1976. Carwyn James, kwa upande wake, hakuwahi kuifundisha timu ya taifa. Alitaka achague wachezaji bila kuingiliwa na kamati, wakubwa wa mchezo hawakuwa tayari kwa hilo, naye akajiondoa. Alifariki 1983. Kwangu hilo ni kosa kubwa kuliko mechi yoyote ambayo Wales ilipoteza.

Mwaka 2003 chama cha raga cha Wales kiliunda timu za kikanda, ili pesa na vipaji visisambae kwenye klabu nyingi. Kihesabu naielewa hoja hiyo. Llanelli ilipata nafuu kuliko wengine, maana kanda ilijengwa juu yake yenyewe, ikaitwa Llanelli Scarlets, kisha 2008 jina la mji likaondolewa likabaki Scarlets tu. Mwaka huo huo walihamia uwanja mpya, Parc y Scarlets, na pale Stradey, walipochezea tangu 1879, zikajengwa nyumba. Klabu ya zamani bado ipo, inacheza ngazi ya chini ya timu za kanda.

Mtu ambaye angeumia kuona jina la mji likiondolewa nadhani ni Ray Gravell, yule kijana wa 1972. Baadaye alikuwa mtangazaji na mtetezi wa Kiwelisi, mtu ambaye mji mzima ulimwita Grav. Kisukari kilimkata mguu mwaka 2007, na mwaka huo huo, tarehe 31 Oktoba, miaka 35 kamili tangu 9-3, alifariki. Mazishi hayakufanyika kanisani. Jeneza lake lililetwa Stradey, likawekwa kwenye nyasi, na maelfu waliokuja wakamwimbia wimbo wa sufuria. Uwanja ulikuwa umebakiza msimu mmoja.