Fulana ya Ndani na Baridi ya Milimani: Maswali na Majibu

Kuanzia Juni, wakazi wa Makete na Njombe huamka asubuhi wakakuta sakitu, barafu nyembamba ya alfajiri, imelala juu ya majani ya viazi. Msimu huohuo vijana wanapanda Mlima Rungwe, wafanyakazi wa chai Mufindi wanaingia shambani na umande, na bodaboda wa Uyole wanawasha pikipiki kabla ya jua kutoka. Karibu wote wana sweta au koti. Wachache wanaifikiria nguo iliyoshikana na ngozi, na huko ndiko baridi inakoanzia.

Nina koti zito. Mbona nikipanda mlima nasikia joto, ila nikikaa kupumzika kidogo tu meno yanaanza kugongana?

Kwa sababu umelowa. Unapopanda, misuli inazalisha joto jingi na mwili unatoa jasho ili ujipoze. Fulana ya pamba inalinyonya jasho hilo na kukaa nalo. Ukisimama, misuli inatulia lakini fulana bado ni mbichi mgongoni. Jasho linaendelea kukauka, na kila linapokauka linaondoka na joto lako. Nguo hutunza joto kwa kushika hewa kati ya nyuzi zake, na maji husafirisha joto kama mara 25 zaidi ya hewa. Kwa hiyo fulana iliyolowa inafanya kazi kinyume na ulivyokusudia, na koti la juu, hata liwe zito namna gani, haliwezi kuikausha.

Jaribu kitu kimoja siku ukipanda na begi: ukifika juu, livue na upeleke mkono mgongoni, pale begi lilipokuwa limelalia. Ukikuta fulana imeganda kwenye ngozi, ibadilishe hapohapo kabla hata hujanywa maji. Fulana kavu ndani ya mfuko wa nailoni haina uzito wa kukuchosha.

Sasa nivae kitambaa gani?

Polyesta au sufu. Polyesta karibu hainyonyi maji kabisa. Jasho linatambaa juu ya nyuzi zake, linatoka nje na kukauka upesi. Jezi ya mpira ya kawaida ni polyesta, na kwa mtu asiye na hela ya nguo za wapanda milima inatosha kabisa, mradi ivaliwe ikigusa ngozi badala ya kuwekwa juu ya fulana ya pamba. Sufu ni tofauti kidogo: inaweza kunyonya unyevu hadi karibu theluthi ya uzito wake bila wewe kuhisi umelowa, inabaki na joto, na hainuki haraka. Ile laini isiyowasha ndiyo ya kuvaa ndani.

Soko la Mwanjelwa jijini Mbeya, kwenye mitumba, utazipata zote mbili ukiwa na subira. Soma lebo ya ndani, shingoni au ubavuni: ikiandikwa "polyester", "wool" au "merino", chukua, ikiandikwa "cotton" peke yake, hiyo ni ya kuvaa mjini. Kama lebo imekatwa, nunua moja, ilowanishe nyumbani pamoja na fulana yako ya pamba, zikamue zote mbili na uzianike kivulini. Itakayowahi kukauka ndiyo ya mlimani.

Ikubane kiasi cha kugusa mwili bila kuacha alama kwenye ngozi. Mikono ifike kwenye kifundo, na urefu utoshe kuchomekea ndani ya suruali. Miguuni, taiti ya kitambaa hichohicho inafaa kuliko jinzi, ambayo ikilowa inakuwa nzito na inachukua siku nzima kukauka. Kina mama wakumbuke pia sidiria: ile ya pamba yenye sponji inabaki na jasho kifuani muda mrefu baada ya fulana kukauka.

Nivae nguo ngapi juu yake?

Mbili zinatosha kwa milima yetu: sweta au fulana nzito ya manyoya, halafu koti la kuzuia mvua na upepo. Cha muhimu ni kuvaa na kuvua kwa wakati. Anza safari ukiwa unasikia ubaridi kidogo, maana ndani ya dakika kumi za kupanda utakuwa umepata joto. Ukisimama, vaa sweta mara moja, usisubiri kutetemeka. Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Rungwe kinakaribia mita 2,960. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000, kwa hiyo kileleni tarajia pungufu ya nyuzi 7 au 8, kabla hujahesabu upepo.

Wanaokwenda Hifadhi ya Kitulo kuona maua wanahitaji tahadhari zaidi, kwa sababu maua huchanua wakati wa mvua, na uwanda ule uko kama mita 2,600, wazi, bila mti wa kujikinga.

Mimi ni bodaboda, sitoi jasho. Hayo yananihusu?

Kwako adui mkubwa ni upepo. Fulana ya ndani ya mikono mirefu itakusaidia, lakini kinachookoa ni koti lisilopitisha upepo kifuani. Wenzako wanaolivaa koti kinyumenyume, mgongo ukiwa mbele, wanafanya jambo la maana. Vaa glavu pia. Vidole vilivyokufa ganzi havikamati breki vizuri.

Ulanzi au konyagi kidogo haipashi mwili joto?

Hapana. Pombe inatanua mishipa ya ngozi, damu ya moto inakimbilia juu, nawe unahisi joto huku mwili ukilipoteza. Zaidi ya hapo inakuondolea busara ya kujua kwamba umezidiwa.

Nitajuaje kwamba mwenzangu baridi imemwingia vibaya?

Joto la kawaida la mwili ni kama nyuzi 37. Likishuka chini ya 35, ni hali ya dharura. Mwanzo anatetemeka sana, vidole vinashindwa kufunga zipu. Kisha anajikwaa, ulimi unakuwa mzito, anajibu ovyo au anataka tu kukaa alale. Akiacha kutetemeka huku bado yuko baridi na amechanganyikiwa, usidhani amepona. Hali imezidi kuwa mbaya.

Mtoe kwenye upepo na mvua. Mvue nguo mbichi zote, ikiwemo fulana ya ndani, umvike kavu na umfunike blanketi hadi kichwani, uso ukibaki wazi. Mlaze juu ya kitu, asigusane na ardhi. Kama hakuna nguo kavu za kutosha, mtu mwenye joto aingie naye ndani ya blanketi. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe chai ya moto kiasi yenye sukari. Usimsugue mikono na miguu, wala usimsogeze motoni: ngozi yenye ganzi inaungua bila yeye kujua. Na tafadhali, msiwashe jiko la mkaa ndani ya hema au chumba kilichofungwa. Hewa yake ya sumu haina harufu na inaua watu usingizini. Aliyechanganyikiwa au kuzimia apelekwe hospitali, abebwe kwa upole.

Nguo hizi za mitumba ni salama kuvaa kwenye ngozi?

Ni salama zikifuliwa kwanza. Polyesta ifue kwa sabuni na maji ya moto ikihimili, uianike juani hadi ikauke kabisa, kwa sababu wadudu wa upele na fangasi husafiri na nguo. Sufu ifue kwa maji ya uvuguvugu bila kuisugua kwa nguvu, uilaze ikauke badala ya kuitundika, la sivyo itarefuka. Usitie dawa ya kulainisha nguo kwenye polyesta, maana inaganda juu ya nyuzi na jasho halitoki tena.