Kuhuisha uwindaji wa Zama za Kati: maana yake na namna unavyofanyika

Kuhuisha uwindaji wa Zama za Kati ni kazi ya kujitengenezea kwa mkono nguo, viatu, silaha na vifaa vya wawindaji wa Ulaya ya wakati huo, kwa malighafi na mbinu zilizokuwapo enzi hizo, kisha kuingia navyo msituni na kuvitumia kwa kazi iliyokusudiwa. Sehemu zote mbili ni za lazima. Anayeshona vizuri akaishia kupiga picha amefanya kazi ya ushonaji. Anayekodi joho la kiwandani akakimbia nalo porini ameigiza tu. Dhana yenyewe inasimama pale ambapo mtu yule yule aliyesokota uzi ndiye anayelowa mvua ndani ya kitambaa chake.

Watu wengi wakisikia habari hii hufikiria matamasha ya Ulaya na Marekani yenye panga za plastiki na mabawa ya majoka. Hayo ni burudani, na hayana ubaya wowote, ila yanatoka kwenye hadithi za kubuni. Kuhuisha kunatoka kwenye ushahidi: maiti na nguo zilizofukuliwa, michoro ya vitabu vya mkono, hesabu za matumizi za makasri, sheria za misitu. Ndugu yake wa karibu ni akiolojia ya majaribio, kama ile inayofanyika Guédelon, Ufaransa, ambako tangu 1997 mafundi wanajenga ngome nzima kwa zana za karne ya 13 ili wajue ilivyowezekana. Mwindaji anayehuisha anauliza maswali ya aina hiyo hiyo, ila yake yanahusu mwili: kiasi gani cha baridi mtu alivumilia, aliona nini, alisikia nini, alitembeaje.

Kazi huanza kwa kuchagua mahali na mwaka. Zama za Kati ni kama miaka elfu moja, na mwindaji wa mwaka 800 asingemtambua wa mwaka 1450 kwa mavazi wala kwa silaha. Wengi huchagua mwisho wa karne ya 14, na sababu kubwa ni mtu mmoja: Gaston wa Tatu, mtawala wa Foix na Béarn chini ya milima ya Pyrenees, aliyejiita Phébus. Mwaka 1387 alianza kuandikisha kitabu kuhusu uwindaji, akaeleza tabia za wanyama, maradhi ya mbwa na tiba zake, namna ya kufuata nyayo, mitego na nyavu, mpaka malezi ya kijana anayelala banda moja na mbwa. Alifariki mwaka 1391, siku aliyotoka kuwinda dubu. Miaka kadhaa baadaye Edward, Duke wa York, alitafsiri sehemu kubwa ya kitabu hicho kwa Kiingereza na kuongeza mambo ya kwao, kabla ya kuuawa kwenye vita vya Agincourt mwaka 1415.

Hapa ndipo uangalifu unapohitajika. Nakala maarufu ya kitabu cha Gaston, iliyoko Maktaba ya Taifa ya Ufaransa, ina michoro 87 ya kupendeza mno, na karibu kila anayeanza hunakili nguo kutoka humo. Lakini michoro hiyo ilichorwa Paris mwanzoni mwa karne ya 15, kama miaka ishirini baada ya maneno kuandikwa, na mchoraji aliwavika watu mitindo ya siku zake. Anayesema yeye ni mwindaji wa 1387 huku amevaa mikono mipana ya 1407 amechanganya vizazi viwili. Wapo watakaoona huo ni udogo wa mambo. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe, maana ukiacha tarehe zichanganyike, hakuna unachoweza kujifunza kutokana na vazi ulilovaa.

Kwa hiyo wanaojali huenda kwenye nguo zilizobaki. Mwaka 1921 wachimbaji wa Denmark walifukua makaburi ya Herjolfsnes, Greenland, wakakuta kanzu na kofia za sufu zilizohifadhiwa na ardhi ya baridi. Mwaka 1936, kwenye kinamasi cha Bocksten nchini Sweden, ilipatikana maiti ya mwanamume wa karne ya 14 akiwa na vazi karibu kamili: kanzu, joho, kofia ya kufunika kichwa na mabega, na soksi ndefu za sufu za kila mguu peke yake. London nako matope ya kando ya mto Thames yametoa viatu, vipande vya vitambaa na vifungo vidogo vilivyoshonwa kwa kitambaa kile kile cha nguo.

Chukua mkono wa nguo uone jinsi kushona kunavyofundisha. Kwenye jumba la makumbusho ya vitambaa mjini Lyon kuna koti la pamba na hariri linalosemekana kuwa la Charles wa Blois, bwana wa Kifaransa aliyekufa vitani mwaka 1364. Tundu la mkono wake si duara dogo la begani kama tulivyozoea kwa mafundi wetu. Limekatwa kubwa, linaingia mpaka karibu na katikati ya kifua na mgongo, na mkono wenyewe umeunganishwa kwa vipande vya pembetatu kwapani. Ukilitazama ukutani ni fumbo. Ukilishona, ukalivaa, ukainua mikono kuvuta upinde, linaeleweka papo hapo: koti limekubana kiunoni wala halipandi, na bega linazunguka bila kuzuiwa. Koti la kisasa linalobana hivyo lingeshikilia bega au kufumuka mshono. Yule fundi wa karne ya 14 alikuwa anamshonea mtu atakayetumia mikono yake, na utamuelewa tu ukirudia alichokifanya.

Chini ya koti huvaliwa shati na suruali fupi ya kitani, juu sufu. Mmea wa kitani huvunwa, hulowekwa mpaka maganda yaoze, hupondwa, huchanwa kwa vitana vya misumari, ndipo usokotwe. Sufu huchanwa, husokotwa, hufumwa, kisha kitambaa hukanyagwa majini mpaka nyuzi zishikane na upepo usipenye. Si kila mtu hufanya hatua zote. Wengi hununua kitambaa kilichofumwa sawasawa na cha kale, wakaanzia kwenye kukata, na hilo ni halali mradi mtu aseme wazi. Hata mwindaji wa enzi hizo alinunua kitambaa sokoni. Uzi hupakwa nta ya nyuki upite vizuri, na mishono yote ni ya sindano ya mkono.

Rangi nazo zina sababu. Gaston anashauri kijani wakati wa kiangazi, kijivu wakati wa baridi miti ikiwa haina majani. Ulaya ya wakati huo haikuwa na mmea mmoja wa kutoa kijani kizuri kinachodumu, hivyo kitambaa kilichovywa kwanza kwenye buluu ya woadi, kisha kwenye njano ya mmea mwingine, mara mbili kwenye sufuria mbili tofauti. Kijani kikikolea kilionyesha kwamba mvaaji ana fedha. Ndiyo maana mtumishi wa kuongoza mbwa, anayehuishwa kwa usahihi, mara nyingi atakuwa na kijani kilichopauka au rangi ya kondoo mwenyewe.

Viatu ndivyo vinavyobadilisha mwendo. Vilishonwa ndani nje, kisha vikageuzwa ili mshono ufichike, soli ikiwa ngozi moja nyembamba isiyo na kisigino. Aliyezoea buti hutua kwa kisigino kwanza, na ndani ya viatu hivi hilo linauma. Baada ya muda mguu wenyewe unaanza kutua kwa upande wa mbele, taratibu, ukipapasa kijiti kabla ya kukikanyaga. Mwendo wa kunyatia unakuja bila mtu kufundishwa.

Kuhusu upinde kuna kosa moja linalorudiwa kila mahali. Meli ya kivita ya Uingereza iitwayo Mary Rose ilizama mwaka 1545 na kuinuliwa mwaka 1982, na humo zilipatikana pinde ndefu nzima zaidi ya 130. Uzito wa kuzivuta unakadiriwa kuanzia kilo 45 na kupita kilo 70. Tangu hapo watu hudhani kila mpiga mshale wa zamani alivuta mzigo huo. Lakini zile ni pinde za vita, za kutoboa silaha za chuma kwa mbali, na ni za baada ya Zama za Kati. Gaston anataka upinde wa kuwindia uwe laini, ili mwindaji aweze kuuvuta na kuushikilia bila kutetemeka mnyama anapokaribia, kwa kuwa ukivuta akiwa karibu ataona mkono ukisogea. Ukikaa nyuma ya mti na upinde uliovutwa, unaona jinsi shauri hilo lilivyotoka kwa mtu aliyewahi kukaa hivyo. Upinde wenyewe unachongwa kwenye mti wa jamii ya Taxus, mti jamaa wa misonobari, fundi akiacha tabaka jeupe la nje mgongoni, upande ulio mbali na mpigaji, na tabaka jekundu la ndani tumboni, upande unaomwelekea. Lile la nje linavutika, la ndani linastahimili kubanwa. Upote ni wa kitani au nyuzi za mmea wa jamii ya bangi, mishale ina manyoya ya bata bukini yaliyogundishwa na kufungwa kwa uzi.

Uwindaji wenyewe ulikuwa kazi ya watu wengi. Ule ulioheshimiwa kupita wote ulikuwa wa kumfukuza ayala dume, yule wa Zaburi ya 42, kwa mbwa mpaka achoke. Alfajiri mtumishi aliondoka na mbwa mmoja wa kunusa aliyefungwa kamba ndefu, mbwa aliyefunzwa asibweke. Alisoma nyayo, akapima urefu ambao dume alikwaruza miti kwa pembe zake, akaokota mavi ya mnyama na kuyatia kwenye baragumu lake pamoja na majani yasidondoke. Kisha alirudi mahali pa mkutano, ambako mabwana walikuwa wanakula mkate na nyama baridi, akayamwaga mbele yao. Kwa umbo na ugumu wa mavi hayo walijadili umri na unono wa dume, wakachagua wa kufuatwa siku hiyo. Mchoro mmoja unaonyesha watu wakiyachunguza mavi hayo pale pale penye karamu, na hakuna aliyekunja uso.

Baada ya hapo mbwa waliwekwa kwa zamu njiani, baragumu likatoa habari kwa milio tofauti, na mwishoni mnyama alichunwa na kukatwa kwa utaratibu maalumu. Mbwa walipewa haki yao juu ya ngozi iliyotandikwa: mkate uliolowekwa damu pamoja na matumbo. Sehemu hii ya mbwa ndiyo ngumu kuhuishwa na ndiyo inayorukwa zaidi, nami nasikitika kwa hilo, kwa sababu maandiko ya Gaston yamejaa mapenzi kwa mbwa kuliko kwa silaha yoyote.

Kuna pia suala la nani alikuwa na ruhusa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 1390 iliyowakataza walei wasio na ardhi ya kuingiza shilingi 40 kwa mwaka kufuga mbwa wa kuwindia au kuwa na nyavu. Kwa hiyo mtu akivaa nguo za mkulima na kushika upinde msituni, anahuisha ujangili, na anapaswa kujua hivyo. Kwa upande wa wanawake, vitabu vya sala vya Uingereza vya karne ya 14 vina michoro ya mabibi wakipiga mishale na kurusha kozi, ndege wa kuwindia, kwa hiyo hawahitaji kuomba radhi kwa kushiriki.

Si kila uwindaji wa zana za jadi unaingia kwenye dhana hii. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wanaotoka na pinde asubuhi hawahuishi chochote, wanaendelea. Uwindaji kwa kozi ulioingizwa na UNESCO kwenye orodha ya urithi mwaka 2010, nchi za Ghuba zikiwamo, nao haukukatika. Hata Mfalme Friedrich wa Pili wa Ujerumani na Sicily katika karne ya 13 aliandika kwamba kile kikofia cha kumfunika kozi macho alikipata kwa Waarabu. Wawaata wa karibu na Tsavo, waliokuwa mabingwa wa pinde nzito, walikomeshwa na kampeni za kuzuia ujangili miaka ya 1950, na Kenya ikafunga uwindaji mwaka 1977, lakini wazee waliowahi kuvuta pinde zile waliishi kusimulia. Kuhuisha kunahitajika pale ambapo uzi umekatika kabisa na hakuna babu wa kuulizwa.

Je, wanaua wanyama? Inategemea nchi. Marekani upinde unaruhusiwa kwa leseni na misimu, na wapo wanaowinda kwa pinde za mbao na nguo za kushona wenyewe. Ufaransa uliruhusiwa mwaka 1995. Naona aliyechagua njia hii ana wajibu wa kukataa mshale wowote asio na hakika nao, hata akirudi mikono mitupu msimu mzima, kwa kuwa usahihi wa historia hauhalalishi mnyama kuteseka. Uingereza, nchi ambayo Gaston aliwaambia wasomaji wake waende huko wakitaka kujifunza upinde, leo inakataza kuua mnyama wa porini kwa mshale. Sheria ya mwaka 2004 nayo imezuia kuwinda wanyama wa porini kwa mbwa huko England na Wales. Wanaohuisha huko hupiga mifano ya wanyama iliyotengenezwa kwa sponji na kufichwa vichakani, au huburuta harufu ardhini ili mbwa waifuate, na kazi ya kusoma nyayo hubaki vile vile ilivyokuwa.